Sura ya Saba: Simu Ndani ya Kikombe

Simu ikisimamishwa ndani ya kikombe kikubwa cha bati, spika ikiangalia chini, sauti yake huongezeka hata watu kumi walioketi chini ya mwembe wakasikia bila kukaza masikio. Kila kijiji kina vijana wanaoujua ujanja huu. Huutumia kusikilizia mpira. Katika sura hii tutautumia kwa kazi nzito zaidi: kuongoza kikundi cha watu waliojeruhiwa moyo, kwa msaada wa programu ya simu na juu ya msingi wa dini yao wenyewe.

Nimechagua Marafa iwe mfano wetu. Mji huu mdogo uko kaskazini mwa Mto Sabaki, kilomita thelathini na kitu kutoka Malindi, na wageni wanaujua kwa korongo la Nyari, ambalo huja kulitazama jua likichwa. Wenyeji wana kisa chake. Zamani paliishi hapo jamaa matajiri wa ng'ombe waliokuwa wakioga maziwa na majirani wao hawana ya kunywa, Mungu akakasirika, ardhi ikawameza. Weupe ulio ukutani mwa korongo ni maziwa, wekundu ni damu. Wanajiolojia watakwambia ni mchanga tu, umemomonywa na mvua na upepo, na mvua zinaendelea kuumega.

Nayataja maelezo yote mawili kwa sababu. Katika kikundi chochote kitakachoketi Marafa, utawakuta wanaouliza kilichotokea ni nini, na utawakuta wanaouliza ni nani aliyekosa hata Mungu akakasirika. Swali hili la pili mara nyingi halitamkwi. Kiongozi asiyejua kuwa limo humo ndani, limekaa na watu kwenye mkeka, hataelewa kwa nini wamenyamaza.

Msiba usio na kaburi

Marafa iko katika eneo bunge la Magarini, na msitu wa Shakahola umo katika eneo bunge hilo hilo. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi msituni humo, na kabla mwaka haujaisha miili ilikuwa imepita 400. Waliokufa walikuwa wafuasi wa Paul Mackenzie, aliyekuwa dereva wa teksi kabla ya kuanzisha kanisa lake la Good News International mjini Malindi mwaka 2003. Upande wa mashtaka unasema aliwaamuru wafunge kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miongoni mwa mashtaka ni mauaji ya watoto 191. Yeye ameyakana.

Machi 2024 serikali ilipoanza kuzikabidhi familia wafu wao, iliyokuwa imetambuliwa kwa DNA ilikuwa miili 34 kati ya 429. Hebu izingatie hesabu hiyo kama anavyoizingatia mama anayengoja. Hana mwili wa kuosha wala kaburi la kupalilia, na siku ya kuanua matanga haipo, kwa kuwa matanga yenyewe hayajaanza. Majirani hawajui wampe pole ya msiba au wamwambie aendelee kutumaini.

Na Shakahola si jeraha la pekee. Katika kaunti ya Kilifi wazee wenye mvi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mara nyingine na watu wa nyumba zao, hata huko Ganze pakahitajika hifadhi ya wazee waliokimbia, Kaya Godoma. Kuna njaa ya ukame na kuna wanawake wanaopigwa. Kuna pia majeraha ya kurithi: Agosti 1914 Waingereza waliilipua kwa baruti Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, kisha wakawafukuza Wagiriama kutoka ardhi ya kaskazini mwa Sabaki, yaani ardhi hii hii.

Lakini asije mtu Marafa akidhani amekuja kufundisha watu wasiojua kuomboleza. Mzee wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, akifa, jamaa zake huweza kumsimamishia kigango, nguzo ya mbao iliyochongwa, na yapo masimulizi mengi ya marehemu kumjia mtu ndotoni akilalamika kwamba amesahauliwa. Vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vikaishia katika makumbusho ya Marekani vilifuatiliwa miaka zaidi ya 20 hadi vikarudi mwaka 2007. Hata kifudu, ngoma ya msiba, ndiyo aliyoitumia Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, mwaka 1913 kuwakusanya watu na kuwafungua vinywa juu ya dhuluma za serikali ya kikoloni. Amezikwa Bungale, humo humo Magarini. Watu wa hapa walijua zamani kwamba kilio kikipewa nafasi huzaa maneno.

Kitabu, kisha programu

Mafundisho yanayotumiwa na makanisa mengi kwa kazi hii yana mizizi Afrika Mashariki. Mwaka 2004 Paulines Publications Africa ya Nairobi ilichapa kitabu cha Margaret Hill, Harriet Hill, Richard Baggé na Pat Miersma kuhusu namna kanisa linavyoweza kusaidia kuponya majeraha ya kiwewe. Waandishi hawa walikuwa wamefanya kazi na watafsiri wa Biblia waliotoka kwenye nchi za vita, watu waliokuwa na kalamu mkononi na maiti machoni. Baadaye Chama cha Biblia cha Marekani kiliyachukua mafundisho hayo na kuyasambaza duniani.

Kitabu hiki hakikuandikwa kwa ajili ya mimbari. Kila somo huanza na kisa, hufuata maswali, halafu watu wawili wawili huzungumza, na ndipo Maandiko yanaposomwa. Kimezoea kulinganisha jeraha la moyo na jeraha la mwili. Kidonda kilichofungwa kitambaa kabla hakijasafishwa hutunga usaha chini kwa chini, ingawa juu kinaonekana kimepona. Waswahili tulikwisha kusema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tatizo la kitabu ni kwamba lazima kisomwe. Kikundini wamo wasiojua kusoma, na wanaojua kusoma Kiswahili lakini huota, hugombana na huomba Mungu kwa Kigiriama. Hapa ndipo simu inapoingia. Shirika la SIL lina chombo cha bure kiitwacho Scripture App Builder: mwenye kompyuta, maandishi yaliyotafsiriwa na sauti iliyorekodiwa anaweza kutengeneza programu ya Android bila kuwa fundi wa kompyuta. Sauti inaposoma, sentensi inayosomwa hubadilika rangi kwenye kioo. Programu ikishaingia kwenye simu haihitaji intaneti, na mtu humrushia mwenzake kwa Bluetooth au humpa kwenye memori kadi. Kwa hiyo mtu mmoja akienda Malindi na bando la kutosha, anaweza kurudi na somo la kikundi kizima.

Mkutano mmoja

Tuseme ni Jumanne, saa kumi alasiri, watu wanane. Kiongozi ni mama wa makamo, si mchungaji. Simu imechajiwa kwenye sola ya duka tangu asubuhi, imewekwa hali ya ndegeni ili isije ikalia katikati ya machozi ya mtu. Inaingia kikombeni. Sauti inasimulia kisa cha dakika nne: mtu amefiwa, ndugu wa kanisani wamemwambia asilie kwa kuwa kulia ni kukosa imani, naye hajalala tangu siku hiyo.

Simu inatolewa kikombeni, inalazwa kifudifudi. Kiongozi anauliza: "Mtu huyu ana nini moyoni?" Anangoja. Kungoja huku ndiko kazi yenyewe, na hakuna programu itakayomfanyia. Dakika nzima hupita ndipo baba mmoja anaposema, bila kumtazama mtu, kwamba huenda huyo mtu ana hasira.

Wakishazungumzia kisa cha mwingine, wanagawana wawili wawili kusikilizana visa vyao wenyewe. Programu inawakumbusha maswali matatu yanayotumika katika mafundisho haya: Ilikuwaje? Ulijisikiaje? Na lipi lilikuwa gumu zaidi kwako? Swali la tatu ndilo hufungua mlango. Mama aliyempoteza mwanawe unadhani atasema gumu lilikuwa kifo, naye anasema gumu lilikuwa simu ya mwisho ambayo hakuipokea.

Msikilizaji naye ana la kujifunza, na zaidi ni kuacha. Aache kusema, "Jikaze." Aache kusema, "Afadhali wewe." Na hasa aache kuharakisha ule usemi wetu wa matangani, "Kazi ya Mungu haina makosa." Mfiwa mwenyewe akiusema, ni imani yake na tuiheshimu. Akiambiwa na mwingine siku ya tatu, umekuwa kizibo. Mafundisho haya yana picha ya safari ya huzuni yenye vijiji vitatu: kijiji cha hasira na kukataa, kijiji cha kukata tamaa, na kijiji cha mwanzo mpya. Pana pia daraja la uongo linalotaka kumrusha mtu kutoka cha kwanza hadi cha tatu asikanyage cha kati. Ukitaka kulijua daraja hilo kwa Kiswahili, limejengwa kwa "jikaze" na "shukuru Mungu".

Katika mkutano wa baadaye kila mtu hutunga maombolezo yake. Programu huwasomea Zaburi ya 13, ambamo mwombaji anamuuliza Mungu atamsahau hata lini kabla hajafika kwenye kumtumaini. Wengi hushangaa kwamba malalamiko ya namna hiyo yamo ndani ya Biblia, na si kidogo: karibu theluthi ya Zaburi ni maombolezo. Asiyejua kuandika aimbe kwa Kigiriama, na asirekodiwe.

Sauti ya nani?

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike sura hii. Jeraha la Shakahola liliingia kwa masikio. Mahubiri ya Mackenzie yalirushwa kwenye televisheni na kuwekwa YouTube, watu wakayatazama kwenye simu zao, na wengine wakauza mali wakahamia msituni. Mtu mmoja alisema, wengi wakasikiliza, na kuuliza kukawa ni kukosa imani. Halafu sisi tunakuja na nini? Tunakuja na simu tena, ina sauti ndani yake, na sauti hiyo inataja jina la Yesu yule yule.

Mtu wa Magarini akiishuku programu hiyo, asiitwe mgumu wa moyo. Ametafunwa na nyoka, ana haki ya kushtuka aonapo ung'ong'o.

Kwa hiyo kipimo changu cha programu ya namna hii ni kimoja: je, inampunguzia kiongozi maneno au inamwongezea? Programu iliyojaa mahubiri ya saa nzima ni mimbari ya mfukoni, na mimbari hatuna upungufu nayo. Programu nzuri husema kidogo, huuliza, kisha hukaa kimya na kumlazimisha kiongozi naye akae kimya. Mkutano ukiwa wa saa moja na nusu, simu ikizungumza zaidi ya dakika 15 imekula sehemu ya watu.

Kuna faida ya pili ambayo kitabu kimoja mikononi mwa kiongozi hakiwezi kuitoa. Somo likiwa kwenye simu za wanakikundi wenyewe, kiongozi anaweza kukaguliwa. Akisema, "Nimefunuliwa kwamba...", binti wa miaka 20 anaweza kufungua simu yake na kusema, "Mama, hilo halimo kwenye somo." Msituni neno lilikuwa na mlinzi mmoja. Hapa kila mtu analo mfukoni.

Kutokana na hayo, kikundi kijiwekee miiko na kiisome kwa sauti kila mkutano unapoanza. Hakuna kuamuru mtu afunge kula. Hakuna kumwambia mtu aache dawa, kliniki au shule ya watoto. Hakuna sadaka, wala nambari ya M-Pesa ya kiongozi. Asiyetaka kusema asilazimishwe, na anayetaka kuondoka aondoke bila kufuatwa nyumbani. Kiongozi akivunja mwiko mmoja, kikundi kimebadilika jina na watu waende zao.

Jirani aliye msikitini

Pwani yetu si ya Wakristo peke yao. Katika ukoo mmoja wa Kigiriama utamkuta Mkristo, Mwislamu na mzee anayefuata mila za kaya, na wote wamefiwa na mtu yule yule. Kumwita Mwislamu kwenye somo la msalaba kisha kusema kikundi ni cha wote ni kumdanganya.

Ipo njia iliyotengenezwa upande wa pili. Nchini Marekani, watafiti Jacob Bentley, Norah Feeny na Lori Zoellner walishirikiana na Wasomali kuandaa mpango wa kuponya kiwewe kwa misingi ya Kiislamu, unaoongozwa na waumini wa kawaida misikitini, si madaktari. Wanakikundi huzungumzia visa vya mitume waliopitia mateso, kisha kila mmoja hugeuka kwa dua na kumweleza Mwenyezi Mungu yaliyomsibu. Mwislamu naye hapaswi kuambiwa kwamba kulia ni upungufu wa imani: Nabii Yakubu alimlilia Yusufu hadi macho yakapofuka, na mwaka Mtume alipofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib unaitwa Mwaka wa Huzuni hadi leo. Ushauri wangu ni vikundi viwili vyenye masomo tofauti, na viongozi wake wajuane, wakopeshane mkeka na wazikane.

Je, watu wasio madaktari wanaweza kazi hii? Wanaweza, kwa kipimo chake. Harare, daktari Dixon Chibanda aliwafunza akina bibi kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye watu 573, ulionyesha nafuu kubwa kwa walioketi nao. Wao huita ugonjwa wenyewe kwa neno la Kishona lenye maana ya kufikiria kupita kiasi, sawasawa na sisi tusemapo fulani "ana mawazo". Nairobi nako wahudumu wa kawaida waliofunzwa waliwapunguzia mzigo, kwa mikutano mitano, wanawake waliopitia ukatili. Utafiti huo wa 2017 ulihusisha wanawake 421. Mipango hiyo haikuwa ya dini. Lakini imethibitisha kwamba sikio lililofunzwa ni tiba hata likiwa la mtu wa kawaida, na neno la kushika hapo ni "lililofunzwa". Kupakua programu si kufunzwa. Kiongozi aketi kwanza kwenye kikundi kama mshiriki, alie chake, kisha aongoze chini ya macho ya aliyemtangulia.

Siri, na mahali pa kikomo

Simu inayohifadhi somo ni hiyo hiyo inayopiga picha, kurekodi na kutuma. Nyumbani hushikwa na watoto, na mume huweza kuifungua. Kwa hiyo kisa cha mtu kisiandikwe ndani yake, hata bila jina. Marafa ni ndogo, na "mama wa mapacha aliyepoteza mume" si jina lakini kila mtu anamjua. Picha za kikundi zisiwekwe WhatsApp hata mfadhili akiziomba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, ila hata bila sheria, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wala huna haki ya kuwatangaza.

Kiongozi ajue pia mwisho wake ulipo. Mtu akisema anataka kujiua, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akiwa hali wala halali kwa siku nyingi, mkutano wa Jumanne ijayo si jibu. Apelekwe kituo cha afya, na asindikizwe. Aliyebakwa afike hospitali kabla ya saa 72 kwisha, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazingoji somo la tatu. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure kwa ushauri nasaha, 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto. Na asiogope mtu kusema kwa hofu ya polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Ndugu msomaji, kama una nia ya kuanzisha kikundi, usianze kwa kutafuta simu nzuri zaidi. Jumanne ijayo mtembelee mfiwa mmoja, bila Biblia mkononi na bila msahafu. Muulize maswali yale matatu na usimkatize hata mara moja. Ukiweza, umeanza. Ukishindwa, programu haitakusaidia.